Manda za Pakiti au Manda za Mkono? Tuliyojifunza Jikoni Kuhusu Sambusa na Pai za Nyama



Katika robo hii ofisi yetu imepokea maombi mawili yanayofanana kwa jina na kupishana karibu kwa kila kitu kingine. Yote mawili yametoka kwa vikundi vya akina mama katika parokia za pwani, na yote yanahusu mradi wa vitafunwa vya chumvi, yaani sambusa na pai za nyama, kwa ajili ya kuuza shuleni, maofisini na kwenye shughuli za parokia. Kikundi cha kwanza kinaomba friza, ili kiweze kununua manda zilizokwisha kutengenezwa kiwandani na kuzihifadhi. Kikundi cha pili kinaomba oveni, meza ndefu na unga wa ngano wa kuanzia, nacho kinaeleza wazi katika barua yake kwamba hakitaki kitu cha pakiti jikoni mwake.

Kamati moja ya parokia tuliyoiomba maoni ilijibu kwamba manda za pakiti ni uvivu, na kwamba fedha za wahisani hazikutolewa kwa ajili ya kulea uvivu. Mhisani mmoja naye, bila kujua barua ya kamati ile, alituuliza kwa nini katika zama hizi akina mama waendelee kuumia migongo kwa kusukuma unga wakati duka limejaa vitu vilivyo tayari. Maswali yote mawili ni ya haki. Hata hivyo tumeona kwamba wengi wetu tunaoamua juu ya miradi ya namna hii hatujapata kusukuma manda hata moja, na hilo linatuhusu sisi wa ofisini kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo katika toleo hili tumeamua kueleza kwa kirefu kazi yenyewe ilivyo, kwa njia ya pakiti na kwa njia ya mkono, ili kamati na wahisani wetu wapime wenyewe.

Katoni tulizozipokea kwa furaha

Hatuna budi kuanza na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea katoni za mchanganyiko mkavu wa pai kutoka nje ya nchi, zawadi ya watu wema waliokusudia mema. Ndani ya kila pakiti mlikuwa na unga, mafuta na chumvi vilivyokwisha kuchanganywa, na maelezo yalisema uongeze maji baridi tu, usukume, ujaze, uoke. Tulizigawa zote kwa kikundi kimoja wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno ya parokia yao. Tukapiga na picha.

Akina mama wale walinunua nyama ya kusaga kwa fedha za mfuko wa kikundi, wakaikaanga vizuri kwa vitunguu na pilipili manga, wakafungua pakiti zile alfajiri ya sikukuu. Unga ulikuwa na harufu ya karanga zilizokaa muda mrefu. Wapo waliosema ndivyo vitu vya Ulaya vinavyonuka, wakaendelea. Pai zilitoka nzuri kwa macho, lakini mlaji alibaki na uchungu mwishoni mwa ulimi, na kufikia saa sita mchana watu walikuwa wakizirudisha. Kikundi kilipoteza gharama ya nyama yote, na jambo zito zaidi, kilipoteza wateja wa shule ya jirani ambao walikuwa wameanza kuagiza kila wiki.

Tulipochunguza baadaye tuliona tarehe ya mwisho wa matumizi imebandikwa chini ya katoni, upande ambao hakuna aliyeugeuza. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu wakati katoni zinapakiwa melini, na zilipofika zilikaa tena katika ghala letu lenye joto. Mafuta yaliyochanganywa na unga huendelea kukutana na hewa hata ndani ya pakiti, na joto huharakisha kuharibika kwake. Akina mama hawakukosea hatua yoyote. Tuliokosea ni sisi, na kikundi kile tulikilipa gharama ya nyama kutoka katika bajeti ya ofisi, ingawa wateja hatukuweza kuwarudisha.

Ndani ya pakiti mna nini

Ni vema kufahamu kwamba mchanganyiko wa pakiti si uchawi. Mwaka 1845 mwoka mikate wa Bristol nchini Uingereza, Henry Jones, alipata hataza ya unga uliokwisha kutiwa dawa ya kuumua, ili mtu asihitaji kupima kitu kingine. Huko Marekani, kampuni ya General Mills ilianza kuuza Bisquick mwaka 1931. Simulizi ya kampuni hiyo ni kwamba mwaka uliotangulia mfanyakazi wake wa mauzo, Carl Smith, alikuwa safarini ndani ya treni, akaletewa vimkate vya moto upesi mno kwa saa ile ya usiku. Alipouliza siri yake, mpishi wa treni alimwonyesha unga, mafuta ya nguruwe, beking pauda na chumvi vilivyokwisha kuchanganywa na kuwekwa kwenye sanduku la barafu. Ukitazama vizuri utaona kwamba jambo lile lilianzia kwa mpishi aliyetengeneza kila kitu kwa mkono wake, ila alikifanya mapema. Tunaomba wasomaji walikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Kazi iliyobaki kwa viwanda ilikuwa kupata mafuta yasiyoharibika upesi bila barafu. Kwa miaka mingi jibu lao lilikuwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa njia ya kiwandani. Baadaye ilithibitika kwamba kugandisha huko kukiwa kwa nusu tu kunazalisha mafuta ya transi, ambayo yanadhuru moyo na mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba mafuta hayo ya viwandani yaondolewe katika vyakula duniani kote ifikapo mwaka 2023. Nchi nyingi zimechukua hatua, nyingine bado. Kwa hiyo anayenunua mchanganyiko au mafuta magumu ya kupikia na asome maandishi ya pakiti, na akiona maneno yanayotaja mafuta yaliyogandishwa kwa sehemu, airudishe pakiti hiyo dukani.

Manda za pakiti ni jambo jepesi zaidi. Mara nyingi ni unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta kidogo, vikiwa vimesukumwa na mashine hadi kuwa vyembamba sawasawa, vikapikwa nusu, vikakatwa na kugandishwa. Faida yake ni usawa: manda ya kwanza na ya hamsini ni sawa kwa upana na unene, hivyo sambusa zote huiva pamoja ndani ya karai. Hasara yake ni kwamba zinategemea baridi tangu kiwandani hadi mezani kwako. Umeme ukikatika usiku kucha, manda hulainika na kushikana, na ukizigandisha tena hutazitenganisha bila kuzichana.

Unga mmoja, tabia mbili

Hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea, na sisi tulikosea pamoja nazo. Tunasema "mradi wa sambusa na pai" kana kwamba ni kazi moja, kumbe unga wa manda na unga wa pai unatakiwa kufanyiwa mambo yanayopingana.

Unga wa ngano ukikutana na maji hutengeneza kitu chenye kuvutika kinachoitwa gluteni. Kadiri unavyokanda ndivyo gluteni inavyoshikana na kuwa na nguvu. Kwa manda tunaitaka nguvu hiyo, kwa sababu bila hiyo unga hauwezi kusukumwa hadi kuwa mwembamba kama karatasi bila kutoboka. Ndiyo maana manda hukandwa sana, kisha unga unapumzishwa ili ulegee na kukubali kusukumwa. Pai haitaki hivyo hata kidogo. Gamba la pai linatakiwa livunjike mdomoni, kwa hiyo unga husuguliwa kwanza na mafuta ili mafuta yafunike chembe za unga na kuzuia maji, kisha maji huwekwa machache na unga hauguswi tena zaidi ya lazima. Mama aliyezoea chapati akikanda unga wa pai kwa bidii ile ile, atapata pai ngumu kama ubao, na watu watamlaumu mafuta yalikuwa machache wakati tatizo ni bidii yake.

Kutokana na hilo utaelewa pia kwa nini unga uliokwisha kutiwa beking pauda haufai kwa manda. Ukigusa chuma cha moto huanza kuumuka, unajaa mapovu, na manda inapasuka wakati wa kukunja. Tumewahi kuona kikundi kikitupa unga wa namna hiyo kwa sababu ndio uliokuwa umetolewa msaada.

Manda za mkono

Tuliomba kukaa siku nzima na mama mmoja mzee ambaye amekuwa akitengeneza manda tangu ujana wake, hasa za biashara ya mwezi wa Ramadhani ambapo majirani zake humwagiza kuanzia wiki moja kabla. Hapimi kwa mizani, hivyo tulimpimia sisi. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano mweupe alitia chumvi vijiko vya chai viwili visivyojaa, mafuta vijiko vya mezani vitatu, na maji kidogo kidogo hadi kufikia nusu lita na kidogo zaidi. Alikanda kwa muda wa dakika kumi hivi mpaka unga ukawa laini usiogandia kiganja, akaufunika kwa kitambaa kibichi kwa nusu saa. Alituambia tusimharakishe hapo, kwa maana unga usiopumzika hurudi nyuma kila unaposukumwa, na mtu anayeshindana nao huchoka bure.

Baada ya hapo aligawa madonge ya ukubwa wa yai dogo. Kila donge alilisukuma kwa kifimbo hadi ukubwa wa kisahani cha chai. Alipaka mafuta juu yake hadi ukingoni kabisa, akanyunyiza unga mkavu, akaweka cha pili juu yake, akapaka tena, na kuendelea hadi vinne. Cha juu hakupakwa kitu. Kisha akasukuma vyote vinne kwa pamoja, akigeuza kila mara, mpaka vikafikia ukubwa wa sahani kubwa ya wali. Hii ndiyo siri nzima ya manda nyembamba: hakuna mtu anayeweza kusukuma moja peke yake hadi wembamba ule, lakini nne hubebana.

Chuma kilikuwa juu ya moto mdogo, kikavu bila mafuta. Alilaza mkate ule mara moja, akageuza mara tu ulipobadilika rangi kuwa mweupe, sekunde chache tu, akageuza tena, akautoa. Ukikawia hapo manda hukauka na itavunjika wakati wa kukunja. Papo hapo, ikiwa bado ya moto kiasi cha kuchoma vidole, alianza kuzitenganisha moja moja kuanzia ukingoni. Ikipoa hazitengani tena. Vidole vyake havisikii joto, vyetu vilisikia sana, na kazi hiyo tulimwachia mwenyewe. Kila manda alikata ncha zisizo sawa, akaigawa robo nne, akazifunika zote kwenye kitambaa kikavu ndani ya chombo chenye kifuniko. Ncha hazitupwi, hukaangwa na kutiwa chumvi, na watoto wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kujipanga mlangoni.

Kilo ile moja, hata baada ya kutoa zilizochanika, ilipita manda 100. Gundi ya kufungia ni unga na maji tu, mzito kama uji wa mtoto. Robo hukunjwa kuwa pembe, hujazwa, na ukingo hupakwa gundi na kubanwa bila kuacha tundu. Tundu dogo tu likibaki, mafuta huingia ndani na nyama hutoka nje, na mafuta ya karai zima huchafuka. Kuhusu nyama, jambo ambalo wengi hulipuuza ni ukavu. Nyama ya kusaga, thumu, tangawizi, ndimu na bizari hupikwa hadi maji yote yaishe kabisa, huachwa ipoe, ndipo kitunguu kilichokatwakatwa na kotmiri huongezwa. Nyama ya moto au yenye maji hulainisha manda kabla haijafika jikoni, iwe ya mkono au ya pakiti.

Sambusa si chakula cha juzi. Vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya Baghdad vilitaja jamii yake tangu karne ya 10, na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza miaka iliyofuata juu ya sambusa za nyama na lozi zilizokaangwa kwa samli katika jumba la sultani wa Delhi. Hatusemi hili ili kuwalazimisha akina mama wabaki karne ya 10. Tunasema tu kwamba mkono unaojua kazi hii umerithi jambo la thamani, na mradi unaoupuuza unatupa mtaji uliokwisha kuwapo.

Hesabu ya saa za kazi

Sasa tuje kwenye fedha, na tunaomba kamati zetu zikae na kalamu. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu ili kuonyesha njia. Kila kikundi kiweke bei za soko lake.

Tuseme kilo 1 ya unga ni shilingi 2,000, na mkaa, chumvi na mafuta ya kupaka ni shilingi 1,000. Kwa manda 100, kila moja imegharimu shilingi 30. Tuseme pakiti ya manda 50 dukani ni shilingi 5,000, yaani shilingi 100 kila moja. Tofauti ni shilingi 70. Kwa oda ya sambusa 200, njia ya mkono imeokoa shilingi 14,000.

Wengi huishia hapo na kutangaza ushindi wa mkono. Bado hatujahesabu watu. Ikiwa manda 200 zimewachukua akina mama wawili saa nne kila mmoja, hizo ni saa nane za kazi. Gawa shilingi 14,000 kwa saa nane, unapata shilingi 1,750 kwa saa. Hicho ndicho mama amejilipa kwa kusukuma. Swali linalobaki ni moja: je, saa ile angeweza kupata zaidi ya hapo kwa kazi nyingine? Mama mwenye kibanda cha kushona ambaye wateja wanamsubiri huenda anapata hasara kwa kusukuma manda. Mama ambaye saa zile hana kazi nyingine ya kumpa fedha anapata faida ya kweli, na kumwambia anunue pakiti ni kumnyang'anya ujira wake na kuupeleka kiwandani.

Oda ndogo huleta hesabu nyingine tena. Kuwasha mkaa, kukanda, kupumzisha unga na kusafisha meza huchukua karibu muda ule ule kwa manda 40 kama kwa 200. Mteja akipiga simu jioni akitaka sambusa 40 za asubuhi, pakiti moja ndani ya friza ni msaada mkubwa na hatuoni uvivu wowote ndani yake.

Tumegundua kwamba ni vikundi vichache sana vinavyoandika saa za kazi katika daftari. Wanaandika unga, nyama, mafuta, nauli. Migongo yao hawaiandiki. Fomu yetu ya maombi pia haikuwa na sehemu hiyo, na tumeiongeza.

Pai, na mchanganyiko wa kikundi chenyewe

Kwa pai za nyama kipimo ni rahisi kukariri: mafuta ni nusu ya uzito wa unga. Gramu 500 za unga, gramu 250 za mafuta magumu au siagi, chumvi kijiko kimoja cha chai, na maji baridi vijiko vya mezani sita hadi vinane. Mafuta husuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole, kwa sababu kiganja kina joto, mpaka vifanane na chenga za mkate. Maji hutiwa, unga hukusanywa bila kukandwa, hufunikwa na kupumzishwa mahali pa baridi kwa nusu saa. Huokwa katika oveni yenye joto la nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 35 kufuatana na ukubwa, na juu ya kila pai huachwa tundu la kutolea mvuke.

Adui wa pai katika pwani yetu ni hali ya hewa. Siagi huanza kuyeyuka mezani kabla kazi haijaisha, na mafuta yaliyoyeyuka hulowa ndani ya unga badala ya kukaa katika vipande vidogo vinavyolifanya gamba kuwa jepesi. Akina mama wenye uzoefu hufanya kazi hii kabla ya jua kuchomoza. Hapo lazima tukiri kwamba mchanganyiko wa kiwandani, ambao mafuta yake huchaguliwa yasiyeyuke upesi, una nafuu.

Lakini mkumbuke mpishi wa treni. Kikundi kinaweza kutengeneza mchanganyiko wake chenyewe. Siku ambayo hakuna oda, sugueni kilo 2 za unga na kilo 1 ya mafuta magumu ya kupikia pamoja na vijiko vinne vya chai vya chumvi, mhifadhi kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, mwandike tarehe juu yake. Siku ya oda, gramu 750 za mchanganyiko huo ni sawasawa na gramu 500 za unga na 250 za mafuta, na kilichobaki ni maji. Ukikaa mahali pakavu pasipo joto hudumu wiki chache. Uliotengenezwa kwa siagi au majarini una maji ndani yake na ni lazima ukae ndani ya friji. Kila unapoufungua, unuse. Tulilipa gharama kubwa kujifunza hilo.

Ukitaka pai isiyosukumwa kabisa, kuna njia iliyopata umaarufu Marekani kuanzia miaka ya 1970 kwa kutumia unga wa pakiti wenye beking pauda. Nyama iliyokaangwa na vitunguu hupangwa ndani ya bakuli la kuokea, kisha humiminiwa rojo la nusu kikombe cha unga huo, kikombe kimoja cha maziwa na mayai mawili. Huokwa kwa nyuzi 200 karibu nusu saa. Si pai ya kubeba mkononi, lakini kwa chakula cha mkutano wa kamati inatosha na hakuna anayeumia mgongo. Unga wake mnaweza kuuandaa nyumbani kwa kuongeza kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda kwa kila kikombe cha unga, pamoja na mafuta kidogo ya kusugulia. Kama beking pauda imekaa, mwagieni kijiko chake maji ya moto. Isipotoa mapovu, imekufa.

Nyama haina subira

Kwa njia zote mbili, nyama iliyopikwa isikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Ama ihifadhiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5, ama ibaki ya moto juu ya nyuzi 60. Sambusa zilizokunjwa zikiwa mbichi zinaweza kugandishwa na kukaangwa moja kwa moja zikitoka kwenye friza. Kwa vikundi vya Tanzania vinavyofikiria kupakia manda au mchanganyiko wao na kuuza madukani, mnakumbushwa kwamba masuala ya usalama wa chakula yalihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS mwaka 2019, hivyo zile barua za zamani mlizotunza kwenye majalada hazitawasaidia. SIDO wanaweza kuwaelekeza kuhusu vifungashio.

Kwa wahisani wetu

Tunawashukuru sana kwa moyo wenu. Tunaomba msitume vyakula vya pakiti kutoka mbali. Gharama ya kusafirisha katoni moja mara nyingi inatosha kununua unga na mafuta mapya katika soko la hapa hapa, na muuza duka wa hapa naye ana watoto wanaosoma. Vinavyodumu ni vifaa: oveni, mizani, meza ya bati lisiloshika kutu, chuma kizito cha manda, kipimajoto cha nyama. Kama mhisani anapenda kuona picha ya alichotoa, meza hupigwa picha vizuri tu.

Kuhusu maombi mawili tuliyoanza nayo, tulivikutanisha vikundi vile mwezi uliopita, jambo ambalo pengine tungelifanya kabla ya kuwaandikia kamati. Kikundi cha friza kilieleza kwamba wanachama wake wengi ni walimu na wauguzi wenye muda mchache, na kwamba wawili kati yao wana mikono inayowauma. Hakuna aliyewauliza hilo. Kikundi cha oveni kilieleza kwamba kina akina mama watano wanaojua kusukuma manda nne kwa pamoja lakini mara nyingi hakina oda za kutosha kujaza wiki.

Tumependekeza kwa kamati zote mbili kwamba friza inunuliwe na kuwekwa katika jengo la parokia ambako kuna jenereta, na kwamba manda zitakazojaza friza hiyo zisukumwe na kikundi cha pili na kununuliwa na kikundi cha kwanza kwa bei ambayo imehesabu saa za kazi. Bei hiyo bado wanabishana. Walipotuandikia mara ya mwisho, kikundi cha kwanza kilikuwa kinataka shilingi 60 kwa manda, cha pili kinadai 80, na mama mmoja alikuwa amependekeza wakutane tena Jumamosi, kila upande ukija na daftari lake.